Kutopatana kwa programu za kompyuta za gari
Hitilafu inayotokea pale kompyuta za gari moja, mathalani ya injini na ya giaboksi, zinapotumia matoleo ya programu yasiyoelewana. Mara nyingi huletwa na kompyuta iliyotolewa kwenye gari jingine, au betri kuishiwa nguvu wakati programu ikipakiwa. Katika OBD-II, mfumo wa gari wa kutambua hitilafu, kodi U0301 huashiria kutopatana na kompyuta ya injini. Isichanganywe na U0100, yaani mawasiliano na kompyuta hiyo kukatika. Kwa U0100 nyaya ndizo hukaguliwa kwanza, na ukinzani wa jozi ya nyaya za CAN, mtandao unaounganisha kompyuta za gari, umeme ukiwa umezimwa, unapaswa kuwa takriban omu 60. Kwa kutopatana kwa programu, fundi husoma kompyuta zote, si iliyolalamika tu, kisha hulinganisha namba za programu na kumbukumbu za mtengenezaji kwa namba ya chesisi. Kufuta kodi pekee hakutibu chochote.