Chablis: jina lililotekwa

Chablis ni mji mdogo kaskazini mwa Burgundy, Ufaransa, kando ya mto Serein. Divai yake ni nyeupe tu, ya zabibu aina ya Chardonnay. Ukiokota jiwe la chokaa shambani, utaona magamba ya chaza wa kale, madogo, yamepinda kama koma. Huko kuliwahi kuwa bahari.

Ufaransa ililinda jina la Chablis kisheria mwaka 1938.

Lakini Marekani, wazalishaji wa California walilibandika jina hilo kwenye divai nyeupe yoyote ya bei nafuu, na hata kwenye ya rangi ya waridi! Huo ni unyang'anyi. Mkataba wa 2006 na Umoja wa Ulaya ulizuia chapa mpya kulitumia. Za zamani zikaachwa ziendelee.