Bisibisi ya Fundi na Njaa ya Petroli

Kila EWURA inapotangaza bei za mafuta za mwezi na bei ikawa imepanda, mwenye gari wa hapa Songea hufanya mambo mawili. Kwanza hulalamika. Pili humwendea fundi na kumwambia: "Fundi, hebu lipunguzie ulaji." Ombi hilo ni la zamani, na historia yake inafaa tuikumbuke, maana limeokoa injini nyingi na limeua nyingi vilevile.

Turudi nyuma hadi Oktoba 1973. Vita vya Mashariki ya Kati vilipozuka, nchi za Kiarabu zilipunguza mafuta, na bei ya pipa ikaruka kutoka dola kama 3 hadi karibu dola 12 mwanzoni mwa 1974. Tanzania ilikuwa na mtambo wa kusafishia mafuta, TIPER, pale Kigamboni tangu 1966, lakini mafuta ghafi yenyewe yalinunuliwa nje kwa fedha za kigeni. Kabla kidonda hakijapona, mapinduzi ya Iran ya 1979 yakasukuma bei hadi kupita dola 30, mwaka uleule tuliotoka katika vita dhidi ya Idi Amin. Hazina ilikuwa imekauka. Miaka hiyo ya shida ndiyo iliyotuletea marufuku ya magari binafsi kutembea Jumapili baada ya saa 8 mchana.

Songea iko zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam. Kabla ya lami ya Makambako hadi Songea kujengwa kwa msaada wa Uingereza katika miaka ya 1980, lori la mafuta lilipambana na matope na milima ya Lukumburu. Aliyefanikiwa kupata lita chache hapana budi aziheshimu. Hapo ndipo fundi wa chini ya mwembe, mwenye bisibisi na kipande cha msasa, alipokuwa mtu muhimu katika uchumi wa taifa.

Kazi yake ilikuwa na maana. Kilo moja ya petroli huhitaji karibu kilo 15 za hewa ili iungue vizuri. Gari lililorekebishwa Dar es Salaam, usawa wa bahari, likipanda hadi Songea, zaidi ya mita 1,000 juu, hukuta hewa nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi. Kabureta halijui hilo. Linaendelea kumwaga petroli ileile, na ziada inatoka kwenye bomba kama moshi mweusi. Kwa hiyo fundi aliyepunguza petroli kidogo hakuwa anabahatisha. Alijua pia kwamba skrubu ya mchanganyiko hutawala zaidi injini inaponguruma gari limesimama, na kwamba mwendoni jeti ndiyo yenye kauli.

La kusikitisha ni kwamba penye ufundi hapakosi ujanja. Wako waliopenyeza uzi wa waya wa shaba ndani ya jeti ili tundu liwe dogo zaidi. Wako waliochanganya petroli na mafuta ya taa. Siku za mwanzo mwenye gari alifurahi. Lakini injini inayonyimwa petroli kupita kiasi huungua kwa joto kali. Valvu huliwa, na pistoni huweza kutoboka. Mafuta ya taa nayo huifanya injini igonge, na yasiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda. Na vipuri navyo viliagizwa kwa fedha zilezile za kigeni zilizokosekana. Mtu aliokoa debe la petroli akapoteza injini nzima.

Fundi mwenye busara alianza kwingine. Alifungua plagi akaisoma: nyeusi kama masizi, petroli imezidi, nyeupe kama chokaa, imepungua mno, kahawia hafifu, mambo sawa. Akapiga msasa pointi za distribyuta na kuacha nafasi ya karibu nusu milimita. Akakung'uta vumbi la chujio la hewa, akatazama kama breki inashika gurudumu, akajaza upepo matairi. Gharama yake ilikuwa ndogo mno.

Tangu soko lilipofunguliwa na magari yaliyotumika ya Kijapani kumiminika, kabureta limepisha mfumo wa kupuliza petroli unaoongozwa na kompyuta. Mfumo huo hujirekebisha wenyewe mlimani na pwani, na skrubu ya zamani haipo tena. Tamaa, hata hivyo, haikuondoka na kabureta. Mafuta ya taa yaliendelea kuingizwa kwenye matangi hadi taifa likapata neno "uchakachuaji". Mwaka 2010 EWURA ikaanza kuweka vinasaba katika mafuta, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili faida ya mchezo huo ife. Maumivu ya ushuru huo yaliangukia pia kibatari cha mwanakijiji ambaye hakuwahi kumiliki hata pikipiki.

Leo kuna wanaouza vidude vya kufunga kwenye mpira wa petroli, wakiahidi nafuu ya ajabu. Idara ya mazingira ya Marekani imepima vifaa vya namna hiyo zaidi ya 100 kwa miaka mingi. Vichache mno vilionyesha nafuu, tena ndogo.

Kwa hiyo, ndugu yangu mwenye gari, usimwambie fundi "punguza ulaji" kabla ya kumwuliza "linapoteza wapi?" Swali la kwanza humsukuma kukufurahisha wiki moja. Swali la pili humpa nafasi ya kufanya kazi yake. Na akishaifanya, mlipe bila kumpunja, maana bei ya plagi safi na chujio jipya hailingani hata kidogo na bei ya injini.

Wahenga walisema rahisi ni ghali.