Mkweche

Pale Malili, kwenye barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, gari la zamani likipita tu utasikia: mkweche! Hapo neno limeonewa, na gari pia. Mkweche ni chombo kilichochakaa, vyuma vinagongana, mwenyewe amekata tamaa. Umri peke yake hautoshi. Nalifikiria Peugeot 504 Coupé: nembo ya Kifaransa, lakini umbo na bodi ni kazi ya kampuni ya Pininfarina ya Italia, gari la milango miwili la kwenda mbali kwa raha. Mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas alishinda nalo Safari Rally, kwenye vumbi na matope yetu haya. Ukiliona limetunzwa, tafadhali liite gari la kale.