Mwenye Usonji Akifika Chuoni

Kila Aprili 2, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 2007, neno usonji husikika redioni, na mara nyingi hufuatana na neno mtoto: mtoto mwenye usonji, mzazi wa mtoto mwenye usonji. Historia imechangia. Makala mashuhuri ya daktari Leo Kanner kuhusu usonji, ya mwaka 1943, ilihusu watoto 11. Lakini watoto hukua, wengine hufaulu kidato cha sita, na mmoja wao hushuka na begi lake kwenye lango la chuo. Mwanachuo mwenye usonji: tamko hili bado ni geni masikioni, na msamiati wa kumvusha muhula wa kwanza haujakusanywa.

Naanza na ukumbi wa mihadhara. Watu mia kadhaa, spika inakoroma, feni zinavuma, na sauti zote zinamwingia kwa uzito uleule, ya mhadhiri na ya anayefungua zipu ya mkoba. Kwa hali hii Kiswahili kina neno kuzidiwa. Nakipenda kitenzi hiki kwa kauli yake ya kutendwa: anayezidiwa hana kosa, kuna kilichomzidi, nacho kinaweza kutajwa na kupunguzwa. “Nimezidiwa, natoka kidogo” ni sentensi ambayo mhadhiri yeyote ataielewa.

Gumu zaidi ni ile kazi ya kutwa nzima ya kufanana na wenzake: kujilazimisha kumtazama mtu machoni, kucheka wanapocheka, kuituliza mikono inayotaka kutikisika. Wapo watakaoiita kujibaraguza. Nalikataa neno hilo, limebeba hila. Napendekeza kujisitiri. Anayejisitiri analinda heshima yake mbele za watu, na akirudi bwenini amechoka hata kula hawezi, tujue alikuwa kazini.

Kisha kuna lugha ya chuo chenyewe. Katika vyuo vya Tanzania bumu ni fedha za mkopo, sapu ni mtihani wa marudio, kudisko ni kuondolewa masomoni kwa kufeli, kubebana ni kulala na mwenzako asiyepata chumba. Ratiba imeandika 8:00, watu wanasema saa mbili. Haya hufundishwa na vikundi vya kwenye korido, mahali hasa anapopakwepa. Na adabu zetu nazo! Mwenzake wa chumbani akisema “karibu chakula”, akae ale, au ajibu “ahsante, nimeshiba”? Mhadhiri akisema “njoo wakati wowote”, anayeyapokea maneno kama yalivyo atakwenda, atakuta mlango umefungwa, na huenda asirudi tena hata siku anayohitaji msaada kweli.

“Utazoea tu,” huambiwa kila wa mwaka wa kwanza. Kwake haitoshi. Anahitaji kuambiwa “njoo Jumanne saa nne asubuhi”. Anahitaji taarifa ya venyu, yaani mahali pa kipindi, iliyohamishwa ifike jana yake, kwa maandishi. Na anahitaji faharasa fupi ya maneno ya chuo, kurasa mbili tatu, yenye maana na mfano wa matumizi. Idara zetu za Kiswahili, zinazofundisha uundaji wa istilahi kila mwaka, zinaweza kuwapa wanafunzi wao kazi hiyo muhula huu, ili wapya wakija kujisajili waikute mezani pamoja na fomu za vyumba.