Mto Unaingia au Unatoka? Historia ya Mgongo Unaogawa Maji ya Naili na Kongo

Mvua inayonyesha juu ya msitu wa Nyungwe, kusini-magharibi mwa Rwanda, huachana njia mara tu inapogusa ardhi. Maji yanayoangukia upande wa mashariki wa kilele hukusanywa na mito midogo ya Rukarara na Mwogo, yakaingia Nyabarongo, kisha Akagera, ambao Watanzania huuita Kagera, kisha Ziwa Victoria, na baada ya kupita Uganda, Sudan Kusini, Sudan na Misri humwagika katika Bahari ya Mediterania. Yale yanayoangukia upande wa magharibi, pengine hatua chache tu kutoka hapo, hushuka Ziwa Kivu au Mto Rusizi, yakafika Ziwa Tanganyika, yakatokea kwa Mto Lukuga na kujiunga na Lualaba, ambao ndio Kongo yenyewe katika sehemu yake ya juu, hadi Bahari ya Atlantiki.

Mstari ambao maji huachana juu yake huitwa mgawanyo wa maji, na eneo lote ambalo mvua yake huishia katika mto mmoja huitwa bonde la mto huo, neno ambalo hapa halimaanishi bonde lenye kuta mbili linaloonekana kwa macho, bali nchi nzima, milima na tambarare zake, inayoulisha mto. Wanyarwanda wana jina zuri zaidi: isunzu rya Kongo-Nili, ambapo isunzu ni kishungi, neno lililo katika amasunzu, mtindo wao wa kale wa kunyoa kichwa na kuacha matuta ya nywele. Jina hilo linaafiki kabisa milima ya Rwanda na Burundi, lakini haliafiki kila mahali, kwa sababu kaskazini zaidi, katika mpaka wa Jamhuri ya Afrika ya Kati na Sudan Kusini, mgawanyo uleule hupita katika nchi ya miinuko midogo ambayo msafiri anaweza kuivuka asijue kwamba ameliacha bonde moja na kuingia jingine. Hali kama hiyo iko katika nyanda za juu za kati za Tanzania, ambako mvua ya mikoa ya Tabora, Shinyanga na Singida huelekea pande nne: kwa Malagarasi hadi Tanganyika na Atlantiki, kwa Ziwa Victoria hadi Mediterania, kwa Kizigo na Ruaha Mkuu hadi Rufiji na Bahari ya Hindi, na kwa Wembere hadi Ziwa Eyasi, ambalo halina njia ya kutokea, hivyo maji yake huwa mvuke na kuacha chumvi.

Kwa kuwa mgongo huo haujionyeshi wenyewe, historia ya kuutambua ni historia ya kuuliza, tena kuuliza katika lugha za watu. Tangu karne ya pili, Ptolemy wa Alexandria alipoandika kwamba Naili hutoka katika maziwa yanayolishwa na theluji ya Milima ya Mwezi, wachoraji ramani wa Ulaya walirudia maneno hayo kwa karne nyingi bila kufika mahali penyewe. Waliofika ni wafanyabiashara wa pwani na Wanyamwezi, ambao kufikia katikati ya karne ya 19 walikuwa wamekwisha kuzifungua njia za misafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora, Ujiji na ng'ambo ya Tanganyika, na ni kwa njia hizo hizo Richard Burton na John Hanning Speke walilifikia ziwa hilo mwezi Februari 1858.

Swali lao lilikuwa moja tu: Mto Rusizi, ulio katika ncha ya kaskazini ya ziwa, unaingia au unatoka? Ukitoka, basi Tanganyika linaweza kuwa chanzo cha Naili. Ukiingia, basi mgongo wa mgawanyo uko kaskazini ya hapo, na ziwa ni la upande mwingine kabisa. Speke alivuka hadi kisiwa cha Kasenge kutafuta jahazi kwa Sheikh Hamed bin Sulayyim, akarudi na habari kwamba mto mkubwa unatoka ziwani. Habari hiyo ilikuwa imepita katika lugha zaidi ya moja, kwani Speke hakujua Kiarabu na alizungumza na mkalimani wake, Sidi Mubarak Bombay, kwa Kihindustani, lugha ambayo Bombay, Myao aliyetekwa utotoni na kuuzwa utumwani, alijifunza India. Baadaye Bombay mwenyewe alisema kwamba maneno ya sheikh yalieleweka kinyume, na kwamba mto uliozungumziwa ulikuwa ukiingia. Mwezi Aprili huko Uvira, karibu na ncha hiyo ya kaskazini, wana wa chifu wa mahali hapo waliwaambia Burton na Speke jambo lilelile bila kusitasita: Rusizi unaingia. Wapiga makasia wakakataa kwenda mbele zaidi, na wageni hao wakageuza bila kuuona mdomo wa mto.

Hapo ndipo palipo na fundisho zito la kisa hiki, kwa sababu jibu sahihi lilikuwa limekwisha kutolewa na watu waliokaa kando ya mto huo. Speke, aliyekwenda kaskazini peke yake na kuliona Nyanza, yaani Ziwa Victoria, tarehe 3 Agosti 1858, alishikilia kwamba ziwa hilo ndilo chanzo cha Naili, na katika hilo alikuwa sahihi. Burton, aliyeusikia ushahidi wa Uvira kwa masikio yake, aliugeuka mwaka 1864, baada ya kifo cha Speke, na kuandika kwamba Rusizi unatoka Tanganyika kuelekea kaskazini. Ushindani wa heshima ulilifunika neno la wenyeji kwa miaka kadhaa, hadi mwishoni mwa 1871 David Livingstone na Henry Morton Stanley walipopanda mtumbwi kutoka Ujiji, wakafika kwenye mdomo wa Rusizi na kuona maji yakiingia ziwani, kama walivyosema watu wa Uvira miaka 13 kabla.

Livingstone mwenyewe alikuwa na kosa lake la namna hiyo. Mwaka 1871 alifika Nyangwe, soko kubwa la Manyema lililoko kando ya Lualaba, na kwa kuwa mto huo hapo huelekea kaskazini, alitumaini kwamba ndio Naili wa juu kabisa. Mauaji ya kutisha ya watu sokoni mwezi Julai mwaka huo yalimfukuza kabla ya kuufuata, naye akafariki mwaka 1873 karibu na Ziwa Bangweulu akiwa na tumaini hilo. Mwaka uliofuata Verney Lovett Cameron alifika Nyangwe na kulipima jambo hilo kwa hoja mbili ambazo mtu yeyote anaweza kuzielewa: kwamba Lualaba ulikuwa na maji mengi kuliko Naili wenyewe, na kwamba uso wake pale Nyangwe ulikuwa chini kuliko uso wa Naili huko Gondokoro, nao mto haupandi mlima. Uthibitisho wa mwisho ulipatikana kwa safari iliyoanza Nyangwe mwezi Novemba 1876, ambayo Stanley na kundi lake, wengi wao Waungwana wa Zanzibar, walisindikizwa sehemu yake ya kwanza na Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip. Lualaba ulivuka ikweta kwenda kaskazini, ukapinda magharibi, ukavuka ikweta tena, na mwezi Agosti 1877 waliosalimika walifika Boma, karibu na Atlantiki.

Kutoka hapo mgongo wa maji uliacha kuwa swali la wanajiografia na kuwa chombo cha mabeberu. Mkataba wa Berlin wa tarehe 26 Februari 1885, ulioweka eneo la biashara huria, ulilieleza bonde la Kongo kwa migawanyo ya maji inayolitenga na mabonde jirani, ukiwemo mgawanyo wa Naili kaskazini na mstari wa mashariki wa mito inayoingia Tanganyika. Kisha, bila kujali mvua inakwenda wapi, ukaliongeza eneo hilo hadi pwani ya Bahari ya Hindi, kiasi kwamba kwa kalamu ya Berlin hata mito ya Zigi na Rufiji ilihesabiwa kuwa ndani ya bonde la Kongo. Mwaka 1894 Uingereza na dola ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji huko Kongo zilikubaliana kwamba mpaka wao ufuate mgawanyo wa Naili na Kongo, na mpaka wa Zambia na Kongo kwa sehemu ndefu ukafuata mgawanyo wa Kongo na Zambezi. Baada ya mvutano wao huko Fashoda kwenye Naili, Uingereza na Ufaransa nazo zilitumia mgongo huohuo tarehe 21 Machi 1899 kugawana nchi zilizokuja kuwa Sudan na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mstari uliochaguliwa kwa kudhaniwa kuwa wa asili, na kwa hiyo wa haki, uliwagawa watu kama Wazande, ambao maisha yao hayakuwahi kutenganisha mto na mto.

Utafutaji wa chanzo cha mbali zaidi cha Naili uliendelea juu ya mgongo wenyewe. Mwaka 1898 daktari Mjerumani Richard Kandt aliufuata Rukarara hadi ndani ya Nyungwe, na mwaka 1937 Mjerumani mwingine, Burkhart Waldecker, alionyesha chemchemi ya Kasumo karibu na Rutovu, Burundi, inayolisha Ruvyironza na Ruvubu, ambapo pamejengwa piramidi ndogo ya mawe.

Hata hivyo mgongo huo si wa milele. Wanajiolojia wameonyesha kwamba zamani maji ya bonde la Kivu yalikuwa yakitiririka kaskazini kuelekea Ziwa Edward, yaani kuelekea Naili, hadi volkeno za Virunga zilipoinuka na kuziba njia kwa lava. Maji yakajaa nyuma ya kizuizi hicho, ziwa likapanda, na hatimaye likapata upenyo upande wa kusini, ambao ndio Rusizi wa leo. Rusizi uliowasumbua Burton na Speke ulikuwa, kwa kipimo cha ardhi, mto mchanga sana, na wingi wa maji unaolipa Tanganyika ni zawadi ya milima ya moto.

Tanganyika lenyewe liliwaonyesha wapimaji wa karne ya 19 mabadiliko kama hayo wakiwa hai. Cameron alipoufikia Lukuga mwaka 1874 alisema unatoa maji kuelekea magharibi. Stanley alipoupima mwaka 1876 aliukuta umezibwa na matete na tope, maji yakiwa karibu yamesimama, akabishana naye. Na kila mmoja alisema kweli ya siku yake. Ziwa, lililo na mito mingi inayoingia na Lukuga pekee wa kutokea, lilikuwa likipanda mwaka hadi mwaka, kwani sehemu kubwa ya maji yake huondoka kwa kuwa mvuke, na mvua zikizidi mvuke hautoshi kulipunguza. Mwaka 1878 maji yaliipasua ile ziba, na Edward Coode Hore wa Jumuiya ya Wamisionari ya London, aliyeishi Ujiji, aliona mwaka uliofuata mkondo wenye nguvu ukielekea Lualaba, huku uso wa ziwa ukishuka kwa takriban mita 10 kabla ya karne kwisha. Ndiyo maana kumbukumbu ya mkutano wa Livingstone na Stanley pale Ujiji, mahali palipokuwa karibu na ufuo mwaka 1871, leo iko mbali na maji.

Nchi nne zinazolizunguka ziwa, yaani Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania na Zambia, zilitia saini mkataba wa kulitunza Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003. Tangu hapo ziwa limeshuka kiasi cha kuwatia hofu watumiaji wa bandari ya Kigoma, kisha likapanda tena kwa nguvu, hata mwaka 2021 na mwaka 2024 maji yakaingia majumbani Gatumba na katika vitongoji vya Bujumbura, na watu wa Kalemie na Uvira wakayahama makazi yao. Katika mazungumzo ya nchi hizo kizuizi cha kudhibiti maji ya Lukuga kimetajwa mara nyingi, na wapimaji wanaotumwa huko hulazimika kuanza na swali linalofanana na lile la mwaka 1858: maji yanatoka kwa kiasi gani, na yanatoka wapi.