Mwembe Mmoja Uliobaki Florida

Ndugu mkulima, majina ya Haden, Kent, Keitt na Tommy Atkins bila shaka umekwisha kuyasikia. Maembe hayo yamo mashambani Kenya na Tanzania, pamoja na dodo na boribo zetu. Je, yametoka wapi? Yametoka Florida, kule Marekani, na nusura yasiwepo kabisa.

Mwaka 1889 idara ya kilimo ya Marekani iliagiza kutoka India miche ya miembe iliyobebeshwa. Basi majira ya baridi ya 1894 na 1895 ikaja baridi ya kugandisha maji, miembe ikafa. Ulibaki mmoja tu, aina ya Mulgoba, kwa mzee Elbridge Gale. Mwaka 1898 ukazaa. Watu waliozoea embe la huko, lenye nyuzi tele, lililoitwa Turpentine kwa harufu yake ya tapentaini, wakaonja embe laini.

Mwaka 1902 Kapteni John Haden akapanda kokwa za mti huo. Mwaka uliofuata akafariki. Mjane wake, Florence, akaitunza ile miche, na mwaka 1910 mmoja ukatoa embe kubwa jekundu. Ndilo Haden. Uchunguzi wa nasaba umeonyesha kuwa mama yake ni Mulgoba na baba yake ni lile lile Turpentine lililodharauliwa! Na Tommy Atkins ni mtoto wa Haden.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Mahindi utayakausha, utayaweka ghalani. Kokwa ya embe ukiikausha inakufa. Na hata ukiipanda mbichi, embe lenye asili ya India halizai mtoto aliye sawasawa na mama. Aina huishi ndani ya mti uliosimama tu, na hurithishwa kwa kubebesha. Mti wa mwisho ukianguka, aina imekwisha.

Ndiyo maana bustani ya umma ina kazi kubwa kuliko kupendeza macho. Bustani ya Fairchild, huko huko Florida, ilifunguliwa mwaka 1938, ikapewa jina la David Fairchild, aliyezunguka dunia akikusanya mimea. Imehifadhi mamia ya aina za miembe, nyingi zisizo na soko lolote. Soko lenyewe halina huruma: Tommy Atkins hapo mwanzo wataalamu wa Florida walimkataa kwa ladha yake, lakini ngozi yake ngumu huvumilia safari na ugonjwa wa chule, akatawala masoko ya ng'ambo. Mfanyabiashara hana sababu ya kutunza lililo tamu lakini linalopondeka njiani. Bustani inayo.

Lakini bustani nayo si ngome. Tarehe 24 Agosti 1992 kimbunga Andrew kiliangusha miti mingi humo. Aina iliyo na mti mmoja, mahali pamoja, bado iko hatarini kama ule mwembe wa mzee Gale. Baadaye bustani ikapata pia shamba la matunda, mbali kidogo na hapo.

Na wewe, kama unao mwembe wa babu usiouona kwingine, usingoje uanguke. Kata kijiti chenye unene wa penseli na jicho lililovimba, pukutisha majani, kifunge kwa kitambaa chenye unyevu, ukibebeshe siku hiyo hiyo. Mche wa pili mpe jirani.