Boksi la stelingi pawa katika malori ya zamani

Boksi la stelingi pawa ni kifaa cha chuma cha kusubu kinachofungwa kwenye chesisi ya lori, karibu na gurudumu la mbele. Hupokea mzunguko wa usukani na kuugeuza kuwa mwendo wa mbele na nyuma wa mkono wa stelingi, huku nguvu kubwa ikitolewa na oili inayosukumwa na pampu ya injini. Mmarekani Francis W. Davis, mhandisi aliyewahi kufanya kazi kwenye malori ya Pierce-Arrow, alionyesha mfumo wa kwanza uliofaa mwaka 1926. Gari ndogo zinazouzwa madukani ziliupata mwaka 1951 tu, kupitia Chrysler.

Pwani ya Tanga, lori kuukuu si pambo la maonyesho. Scania 112 na 113, Isuzu na Fuso bado zinapakia saruji ya Pongwe, katani, machungwa ya Muheza na mboga za Lushoto. Baadhi ya Scania za nchini ziliunganishwa katika kiwanda cha TAMCO, Kibaha. Umri wa malori haya ndio unaofanya uvujaji wa boksi uwe ugonjwa wa kawaida, lakini umri peke yake hauelezi kila kitu. Hewa ya bahari ina chumvi, na shafti ya chini, ile inayobeba mkono wa stelingi, hutokeza nje ya boksi mahali penye matope na vumbi. Kifuniko chake cha mpira kikichanika, kutu hula vishimo pale pale mdomo wa sili unapokaa. Mzigo uliozidi na tabia ya kukata usukani gari likiwa limesimama humalizia bushi na beringi. Shafti ikianza kuchezacheza, hakuna sili itakayoihimili.

Kwa hiyo sili ni mahali pa kutokea oili, mara nyingi si chanzo. Gereji bubu nyingi hubadilisha sili, hujaza oili na kumkabidhi dereva gari, kisha baada ya muda mfupi matone yanarudi. Dereva naye huzoea kutembea na galoni la oili nyuma ya kiti. Oili ikiisha, usukani bado umeungana na magurudumu, ila unakuwa mzito ghafla, na katika kona za Mombo hadi Lushoto, ambako barabara hupanda karibu mita 1,000 katika kilomita zaidi ya 30, uzito huo si jambo la kujaribiwa na lori lenye shehena.

Kabla ya kufungua chochote, boksi huoshwa na kukaushwa kabisa. Oili hushuka, hivyo tone linaloning'inia kwenye mkono wa stelingi laweza kuwa limetoka kwenye kiungo cha hosipaipu, sili ya shafti ya juu au kifuniko cha pembeni. Injini ikiwa inaunguruma, utingo hukata usukani kushoto na kulia huku fundi akitazama kwa tochi.

Ikithibitika kuwa oili inatoka kwenye shafti ya chini, mkono wa stelingi hutiwa alama pamoja na shafti, kisha huvutwa kwa puli. Nyundo ni kosa, kwa kuwa kipigo hufika kwenye beringi na meno ya ndani. Shafti ikishafutwa, ukucha hupitishwa juu yake: ukiteleza, msasa laini na sili mpya vinatosha; ukikwama, shafti imekwisha hapo. Fundi hodari wakati mwingine husogeza sili kidogo ili mdomo wake ukae kwenye chuma kizima, au huvalisha shafti pete nyembamba ya chuma. Kujazia kwa weldingi na kukereza upya ni kubaya zaidi kuliko kuvuja, kwani joto huondoa ugumu wa chuma, na shafti inayoweza kukatika ndiyo inayogeuza magurudumu. Sili yenyewe iwe ya kuhimili presha. Ile ya kawaida inayolingana kwa vipimo vya nje hupenya madukani kirahisi na kung'oka kirahisi.

Kufungua boksi zima ni kazi ya meza safi. Ndani, pistoni hutembea juu ya skrubu kwa msaada wa gololi zinazozunguka kwenye njia yake. Pistoni ikitoka mwisho wa skrubu gololi humwagika, na zikichanganywa na za saizi nyingine stelingi hukwama.

Boksi likiwa limekwisha, mmiliki hutafuta la mtumba, mara nyingi Gerezani, Dar es Salaam. Hapo umakini unahitajika: boksi lililotoka kwenye lori la Ulaya lenye usukani kushoto laweza kufanana kwa umbo na kufungwa bila shida, kisha magurudumu yakaenda kinyume na usukani. Namba iliyogongwa kwenye kibati ndiyo ya kulinganisha.

Baada ya kufunga, ekseli ya mbele huinuliwa kwa jeki na usukani hukatwa kutoka mwisho hadi mwisho injini ikiwa imezimwa, oili ikiongezwa hadi mapovu yaishe. Oili ni ile iliyoandikwa na mtengenezaji. Ya breki huvimbisha mipira. Maboksi mengi ya malori yana pia vali za kupunguza presha usukani unapokaribia mwisho wake, nazo husetiwa upya kila boksi linapobadilishwa. Zisiposetiwa, pampu huendelea kusukuma kwa presha yote gurudumu likiwa limeshagota, na sili mpya ndiyo inayoachia kwanza.